Muhogo katika Kaya Kubwa: Historia ya Uwekevu wa Jikoni

Waswahili husema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulitungwa juu ya vyombo vya baharini, lakini twaweza kuutumia vilevile juu ya sinia la ugali wa muhogo lililozungukwa na watoto wanane, mama, baba, bibi na mgeni mmoja. Wote wamekula, wote wameshiba, na fedha iliyotumika ni kidogo mno. Anayetazama huona chakula cha kawaida tu, pengine akakiita chakula cha kimaskini. Hauoni mwaka mzima wa kazi ulioufikisha ugali ule mezani, wala haoni karne nne za historia zilizo nyuma ya kazi hiyo.

Katika makala haya twakusudia kueleza habari za uwekevu, yaani ile tabia ya kutumia kidogo, kuweka kingine, na kutotupa kitu, kama ulivyojengwa juu ya mmea mmoja katika nchi zetu za Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo. Twataka kuonyesha kwamba uwekevu ni elimu yenye kanuni zake. Mambo mengi yaweza kupunguzwa jikoni bila ya madhara, lakini yako machache ambayo hayapunguziki, na mtu asiyeyatofautisha huweza kuiletea jamaa yake ulemavu wa maisha. Jambo hilo limekwisha kutokea, tena si mara moja.

Safari ya mmea na majina yake

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, upande wa bonde la mto Amazon, ambako wenyeji waliulima maelfu ya miaka kabla mabaharia wa Ulaya hawajafika. Jina mandioca walilolitumia Wareno, na jina manioc la Wafaransa, yametoka katika lugha ya Watupi wa Brazil. Katika karne ya 16 Wareno waliuleta mmea huu kwenye pwani ya Kongo na Angola, na kutoka huko ukaingia bara taratibu kwa kufuata mito na njia za biashara. Kwa upande wa mashariki ulipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, na hadi kufika mwisho wa karne ya 18 ulikuwa umekwisha kujulikana Unguja.

Hivyo nchi zetu ziliupokea muhogo kwa milango miwili. Ule wa magharibi ulipanda pamoja na watu wa bonde la Kongo. Ule wa mashariki ulitembea pamoja na misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Misafara hiyo ilikuwa na mamia ya watu, na kulisha watu wengi kwa gharama ndogo lilikuwa swali la kila jioni. Mpagazi alipimiwa posho yake kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Wanafunzi wetu wanaokariri methali ya haba na haba hujaza kibaba wangefaa kuelezwa kwamba kibaba kilikuwa kipimo cha kweli, na kwamba aliyekijaza punje kwa punje alijua thamani ya kila punje.

Neno posho nalo limesafiri. Huko pwani lilikuwa na maana ya riziki inayogawiwa mtu kwa siku. Katika Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe wa mahindi, kwa sababu unga huo ndio uliogawiwa askari, vibarua na wanafunzi wa shule za bweni. Vivyo hivyo, Waganda huuita muhogo muwogo, na sikio la mwalimu wa Kiswahili halihitaji kuambiwa neno hilo limetoka wapi. Ushahidi wa lugha hapa wakubaliana na ushahidi wa historia, maana inakubaliwa kwamba muhogo ulifikishwa Uganda na wafanyabiashara waliotoka upande wa Tanganyika kati ya mwaka 1862 na 1875. Warundi na Wanyarwanda, kwa upande wao, huuita imyumbati.

Majina ya mapishi ni mengi zaidi. Ugali wa muhogo huitwa bada katika kamusi za Kiswahili. Katika Katanga ugali huitwa bukari, na Warundi na Wanyarwanda husema ubugali. Fufu ni jina la Kinshasa, lakini limekwisha kuingia Kivu pia. Majani ya muhogo ni kisamvu Tanzania, sombe mashariki ya Kongo, isombe Rwanda na Burundi, na pondu kwa wasemao Kilingala. Mwanafunzi anayedhani kwamba haya ni vyakula mbalimbali aambiwe kwamba ni mmea ule ule, umepita katika mikono mbalimbali.

Ghala iliyo ardhini

Yatupasa kuuliza kwa nini watu waliokuwa tayari na mtama, ulezi, ndizi, maharage na viazi vikuu waliukubali mmea huu mgeni. Sababu ni nyingi, na karibu zote zahusu uwekevu.

Ya kwanza ni mbegu. Anayelima mahindi au maharage hula kitu kile kile anachopaswa kukipanda. Njaa ikimbana, huila mbegu yake, na msimu ujao humkuta mikono mitupu. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na shina haliliwi. Hata kaya iliyokula mzizi wa mwisho bado ina mbegu ya shamba la mwaka ujao imesimama uani.

Ya pili ni ghala. Nafaka ikivunwa yataka kihenge, na kihenge chataka ulinzi dhidi ya fukusi, panya na unyevu. Muhogo ghala yake ni ardhi yenyewe. Ukikomaa waweza kuachwa shambani mwaka mmoja zaidi, na aina nyingine hata miaka miwili, ukang'olewa shina moja moja kadiri ya haja. Lakini ukisha kung'olewa huanza kuharibika katika siku mbili au tatu. Kwa ajili hiyo mama mwenye kaya kubwa hakung'oa zaidi ya alichoweza kukimenya na kukiloweka. Mmea wenyewe ulimfundisha kipimo.

Ya tatu ni adui. Nzige hula majani na kuiacha mizizi. Mvua ikikawia, muhogo hupukutisha majani na kungoja. Aina chungu, ambayo mtu haweza kuila mbichi, haipendwi na nguruwe mwitu wala na mwizi wa usiku, maana mwizi hana nafasi ya kuloweka alichoiba. Wakulima wengi, wakijua vyema kwamba mhogo mtamu hauna kazi nyingi, walichagua mchungu kwa makusudi. Uchungu ulikuwa uzio usiohitaji miti.

Hata hivyo muhogo una upungufu mkubwa. Mzizi wake ni wanga mtupu, kwa kusema hivyo. Protini haifiki hata sehemu mbili katika mia za uzito wa mzizi mbichi. Tumbo hujaa, lakini mwili wa mtoto haujengwi. Kwa hiyo mboga inayofuatana na ugali huu ina kazi kubwa kuliko kuupa ladha. Jambo hili tutalirudia.

Muhogo wa amri

Baada ya muhogo wa hiari ulikuja muhogo wa amri. Katika Kongo, tangu mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, na pamba ndiyo iliyokuja kuchukua siku nyingi mno za kazi. Mkulima aliyetumia nguvu zake katika pamba alihitaji chakula kisichogombania msimu na pamba. Muhogo ulifaa kwa jambo hilo, kwa kuwa hupandwa na kung'olewa karibu wakati wowote. Wengi walishibishwa na muhogo kwa sababu walikuwa wamenyang'anywa wakati wa kulima kingine.

Katika Ruanda-Urundi njaa iliyoitwa Rwakayihura, ya mwaka 1928 na 1929, iliua watu wengi na kuwafukuza wengine hadi Uganda na Kongo. Baada yake serikali ililazimisha kila mwanamume mwenye nguvu kulima kiasi fulani cha muhogo na viazi vitamu, na asiyetimiza aliadhibiwa. Neno ikiboko, ambalo lingali likikumbukwa katika Kinyarwanda na Kirundi, latuambia adhabu yenyewe ilikuwa nini.

Amri hiyo haikuzuia njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, wakati ukame na maradhi ya viazi vilipokutana na madai ya vita vya dunia. Wala muhogo haustawi sawasawa kila mahali: katika milima yenye baridi, palipopita mita 1,800, hukawia mno kukomaa. Watawala walihesabu mashina yaliyopandwa. Hawakuhesabu kazi ya mikono iliyokuwa ikiyageuza mashina hayo kuwa chakula, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na ilifanyika uani na mtoni, mbali na daftari la karani. Upofu huo, kama tutakavyoona, haukwisha pamoja na ukoloni.

Hata hivyo amri ilipoondoka, mmea ulibaki. Wazee waliouchukia muhogo kwa sababu ya kiboko waliendelea kuupanda kwa sababu ya watoto.

Mchele mmoja, mapishi mengi

Tuingie sasa jikoni. Kaya tunayoizungumzia ni ya watu kumi au zaidi, kama zilivyokuwa nyingi katika vijiji vyetu. Nyumba imezungukwa na shamba lake. Karibu kabisa na ukuta, mahali panapotupwa majivu, maganda na samadi ya mbuzi, pamepandwa migomba, kwa kuwa hapo ndipo udongo ulipo na nguvu. Chini ya migomba yako maharage na magimbi. Mbali zaidi, katika udongo uliochoka, ndipo upandwapo muhogo, kwa sababu wao peke yao huvumilia huko. Mpango huu hauna gharama, na kila kilichotoka jikoni hurudi kuilisha ardhi iliyo karibu na jiko.

Mizizi hung'olewa asubuhi, humenywa siku ile ile, nayo hulowekwa mtoni, katika shimo la maji, au katika mtungi. Hukaa siku tatu au nne, na mahali pa baridi zaidi ya hizo, mpaka iwe laini kiasi cha kuvunjika kwa vidole na kutoa harufu ya uchachu. Hapo nyuzi za katikati huondolewa, mizizi hukamuliwa maji, huanikwa juani mpaka ikauke kabisa, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Kilo 100 za muhogo mbichi hutoa kilo 25 hadi 30 hivi za unga. Warundi huuita muhogo uliolowekwa hivyo ikivunde, na mwalimu atatambua hapa kitenzi chetu cha kuvunda na kuvundika. Muhogo uliolowekwa huweza pia kupondwa, kuviringwa katika majani ya mgomba na kupikwa, ukawa ubuswage, chakula cha safari kisichohitaji sahani wala moto wa pili.

Hakuna kinachotupwa. Maganda hukaushwa vizuri kabla ya kupewa mbuzi. Mashina bora huwekwa kivulini kwa kupandwa, na mabaya huwa kuni. Majani machanga huchumwa kwa kiasi, maana aliyechuma mno huipunguza mizizi yake. Maharage hulowekwa usiku ili yasile kuni nyingi, na moto uliopikia maharage huachiwa makaa ya kuchoma viazi vya kesho asubuhi. Unga wa muhogo ukipungua huchanganywa na wa mtama au mahindi. Wa mtama ukipungua, wa muhogo huuongeza. Mchele mmoja, mapishi mengi, walisema wa pwani. Wa bara wangeweza kusema hivyo hivyo juu ya muhogo.

Sombe yastahili maelezo yake. Majani hutwangwa mpaka yawe kama uji mzito wa kijani, kisha huchemshwa muda mrefu katika chungu kilichoachwa wazi. Baadaye huongezwa kitunguu, mawese au karanga zilizosagwa, na mwishoni konzi moja ya samaki wadogo waliokaushwa: ndagala wa Ziwa Tanganyika, ambao Waswahili wa Kigoma huwaita dagaa, au sambaza wa Ziwa Kivu. Sambaza hao ni jamaa ya wale wa Tanganyika, nao walihamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Konzi moja kwa watu kumi ni kitu kidogo sana. Mtu mwenye haraka ya kubana matumizi huanza kwa kuiondoa konzi hiyo, akisema kwamba ni anasa, kwa kuwa ugali utaliwa vivyo hivyo.

Siku tatu za maji

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Muhogo, na hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Katika mzizi mzima sumu hiyo imefungwa ndani ya kitu ambacho wataalamu hukiita linamarini. Mzizi ukilainika majini au ukipondwa, kimeng'enya kilichomo katika mmea wenyewe huifungua, nayo huondoka pamoja na maji au hupaa hewani. Siku tatu za kuloweka zafanya kazi hiyo vizuri. Jua peke yake, hasa kwa vipande vikubwa vilivyomenywa na kuanikwa tu, huacha sehemu kubwa ya sumu ndani ya unga. Kwa hiyo maji ya siku tatu yalikuwa ndiyo mlinzi wa kaya.

Ushahidi wa wazi kabisa watoka magharibi ya Kongo, mbali na nchi zinazosema Kiswahili, lakini habari zake zatuhusu sote tulao muhogo. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa uliowapata watu wa Kwango. Mtu hulala mzima, au huenda shambani mzima, na kwa ghafula miguu yote miwili hukakamaa. Ugonjwa hauendelei kukua, lakini wala hauponi. Wengi wa wagonjwa ni watoto waliokwisha kuacha ziwa, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wayaka wa huko waliuita konzo, neno lenye maana ya miguu iliyofungwa.

Sababu yake ilijulikana polepole. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame pia, ugonjwa ulitokea Tarime, Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Mahali pote palikuwa na mambo mawili pamoja: muhogo mchungu ulioliwa kabla haujaandaliwa sawasawa, na mboga haba. Mwili wa binadamu una njia ya kuifisha sianidi kidogo, lakini njia hiyo yahitaji salfa, na salfa hiyo hupatikana katika protini, hasa ya samaki, nyama, maziwa na mayai. Sasa twaweza kuielewa ile konzi ya ndagala. Haikuwa anasa. Ilikuwa sehemu ya dawa, na aliyeiondoa pamoja na kupunguza siku za maji aliondoa ngao zote mbili kwa mara moja.

Mfano unaotufundisha zaidi ni wa Bandundu, kama ulivyoelezwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992. Hapo hapakuwa na ukame. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imejengwa, na malori yalikuja kununua muhogo mkavu. Fedha iliingia vijijini, na kila siku iliyookolewa iliongeza magunia ya kuuza. Wanawake, ambao kazi yote ilikuwa mabegani mwao, walianza kuloweka usiku mmoja badala ya usiku tatu. Unga ulikuwa mweupe kama zamani, na ugali ulisongwa kama zamani. Lakini sumu ilibaki, na konzo ikaingia katika kaya zilizokuwa zikijitahidi kujitoa katika umaskini.

Tusiwalaumu akina mama hao. Walifanya hesabu ambayo kila mtu wa kaya kubwa huifanya kila siku: wapi papunguzwe. Hapana aliyewaeleza kwamba siku zile za maji hazikuwa uvivu wa kale. Bibi zao walijua kwamba zafaa, lakini hawakuwa na maneno ya sianidi na salfa. Na waliokuwa na maneno hayo hawakuwa mtoni. Yule karani wa zamani aliyehesabu mashina na kuiacha kazi ya uani, na yule mnunuzi aliyehesabu magunia, walikuwa na upofu mmoja.

Wala jambo hili halikuishia huko. Mwaka 2011 madaktari waliandika habari za konzo katika milima ya Burhinyi, Kivu ya Kusini, katika nchi iliyochoshwa na vita. Hapo hatusemi tena juu ya watu wa mbali. Hao ni watu wasemao lugha tunayoifundisha.

Maradhi ya mmea na dawa ya unga

Muhogo wenyewe nao umepata maadui. Miaka ya 1970 vidung'ata waliotoka Amerika ya Kusini walianza kuyaharibu mashamba karibu na Kinshasa na Brazzaville, wakaenea nchi nyingi. Walishindwa kwa nyigu mdogo aliyetafutwa Paraguay na kuanza kuachiliwa Afrika mwaka 1981. Mtaalamu aliyeiongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 batobato kali iliyafagia mashamba ya Uganda, ikaleta njaa katika nchi ya Wateso, kisha ikaenea katika nchi jirani mpaka mbegu zenye kuihimili zilipopatikana. Kaya iliyotegemea muhogo peke yake iliumia kuliko ile iliyoweka pia maharage, viazi na ndizi. Kanuni ya kale ya kuchanganya mazao ilithibitishwa tena.

Kuhusu konzo pia njia rahisi imepatikana. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia na wenzake walieleza kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na maji hadi kuwa rojo zito, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sehemu kubwa ya sumu iliyobaki hupaa. Kisha hupikwa siku ile ile kama kawaida. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka huko Kwango, wanawake walifundishwa njia hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wakati wa mpango huo hapakutokea mgonjwa mpya. Dawa hiyo haikuhitaji fedha. Ilihitaji maji, jua, muda wa saa chache, na mtu wa kueleza sababu.

Kazi iliyo mbele ya mwalimu

Wasomaji wetu wengi ni walimu, na pengine watauliza haya yanahusu nini somo la Kiswahili. Jawabu letu ni kwamba elimu hii yote imehifadhiwa katika vitenzi. Kumenya, kuloweka, kuvundika, kukamua, kuanika, kutwanga, kuchekecha, kusonga: kila kimoja ni hatua, na hatua hizo zina mfuatano. Mtoto wa mjini anayenunua unga katika mfuko wa karatasi huvijua vitenzi viwili vya mwisho, pengine kimoja tu. Neno likitoka kinywani mwa watu, hatua hutoka mikononi mwao baada ya muda si mrefu.

Kwa hiyo twapendekeza zoezi moja linalofaa darasa lolote kuanzia mwaka wa nne wa masomo. Kila mwanafunzi aende kwa bibi yake, shangazi yake au mama jirani, amwamkie kwa adabu, amwombe amweleze namna unga wa muhogo unavyoandaliwa kwao, tangu shambani hadi chunguni. Aandike vitenzi vyote kwa mpango wake, pamoja na majina ya kienyeji. Kisha aulize maswali mawili: siku ngapi majini, na kwa nini. Darasani majibu yalinganishwe. Patapatikana msamiati, insha, na mjadala. Na pale ambapo siku zimepunguzwa, mwalimu ataweza kueleza habari za Bandundu na Tarime kwa maneno mepesi, na mwanafunzi atazirudisha nyumbani.

Babu na bibi zetu walilisha kaya kubwa kwa shamba dogo. Walibana kuni, mafuta, chumvi na nguo zao wenyewe, lakini siku za maji hawakuzibana, na konzi ya ndagala waliitafuta hata walipokuwa hawana kitu. Yatupasa tuwafundishe watoto wetu mambo yote mawili: namna ya kupunguza, na mahali pa kuacha kupunguza.